Msumari wa Langoni

Sehemu ya Tisa: Mkate Uliokosekana

Waliokuwapo langoni saa mbili asubuhi ile ni hawa. Upande wa ndani: Mama Muuguzi, msimamizi wa nyumba, Mzee Chumvi, mpishi, Fundi, mshona nguo, ambaye juma hilo alikuwa mshika msumari, Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa damu wa mtu yeyote mle ndani lakini wote walimwamkia, Karani, Kinyozi, na waashi wawili, kaka na mdogo wake. Upande wa nje, nyuma ya nondo: Mwenyekiti wa bodi, pamoja na mlinzi mgeni mwenye sare mpya na mnyororo begani. Asiyekuwapo alikuwa mmoja tu. Dereva, mwenye siku nne katika nyumba, alikuwa kitandani akitetemeka.

Kwa msomaji wetu wa kila juma, na kwa yule aliyelifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yalikuwa yamesimama hivi. Nyumba ile ni ya watu wanaoachana na unga wa kulevya. Lango lake hufungwa kwa kufuli ili wauzaji wasipenye, lakini ufunguo wake, ambao ni mmoja tu, huning'inia kwenye msumari kwa ndani, usawa wa macho, mchana na usiku. Anayetaka kuondoka hunyoosha mkono, akafungua, akaenda zake. Hakuna wa kumzuia. Kila juma mkazi mmoja hupewa kazi ya kuutazama msumari huo, asubuhi na jioni, naye huitwa mshika msumari.

Asubuhi hiyo Fundi aliutazama, akaukuta mtupu.

Tulipoachana naye, Mwenyekiti alikuwa akimwamuru kupitia nondo ageuze mifuko ya aproni yake. Kabla hajajibu, kitu cha chuma kilimponyoka na kuanguka kwenye saruji kwa mlio.

"Nilijua!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Okota! Okota, watu waone!"

Fundi aliinama bila haraka, akakiokota, akakivika kidoleni, kisha akakiinua kidole mbele ya nondo.

Ilikuwa kastabani.

"Ya kusukumia sindano, Mwenyekiti," alisema. "Kama inaweza kufungua lango, nikupitishie hapo ujaribu."

Kinyozi alicheka kwa pua. Mwenyekiti hakucheka.

"Vitanda vipekuliwe," aliamuru. "Magodoro, mabegi, viatu, kila kitu."

"Nani atapekua?" aliuliza Mama Muuguzi.

"Mlinzi wangu."

"Mlinzi wako yuko nje."

"Basi mfungulieni!"

Ndipo mwashi mdogo akauliza kwa upole kabisa, "Kwa kipi?"

Walicheka wote, hata Shangazi, aliyekuwa na desturi ya kununa mpaka saa nne. Mlinzi mwenyewe aligeukia barabara ili asionekane akitabasamu.

"Chekeni," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mdogo wangu alitoka katika nyumba kama hii saa tisa mchana. Lango wazi, watu wamekaa wanamtazama, kila mmoja anaheshimu hiari yake. Kesho yake nilimvisha sanda kwa mikono hii. Kwa hiyo, Mama, usinisomee kanuni ya lango."

Kicheko kilikatika.

"Kanuni uliitia sahihi mwenyewe," Mama Muuguzi alijibu. "Ya kwanza kabisa. Hatupekuani."

"Niliitia sahihi nikiamini kuwa mnajua mnachofanya. Sasa nisikilizeni. Saa sita kamili nitarudi na fundi wa kukata vyuma. Nikikuta ufunguo umepatikana na aliyeuchukua ametajwa, nitaondoka. Nisipokuta, kufuli jipya litakuwa langu, ufunguo utakaa mfukoni mwangu, na huyu mlinzi ataketi hapa. Na wewe, mshona nguo, utabeba virago vyako. Msumari ulikuwa mikononi mwako."

Aliondoka. Mlinzi alimfuata, mnyororo ukilia mgongoni kama wa mbwa aliyekimbia nao.

*

Fundi alibaki ameitazama saruji. Hakuwa akiogopa barabara. Alikuwa akiogopa kuizoea tena.

Ile ilikuwa nyumba yake ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na walinzi, na katika zote mbili alipata unga kabla ya chakula cha mchana, tena kwa mkono wa mlinzi. Hapa palipokuwa na msumari tu, alikuwa amemaliza miezi saba bila kugusa. Dada yake, aliyemtunzia cherehani miaka yote hiyo, alikuwa ametoa neno la mwisho: "Ukihitimu huko, njoo uchukue mashine yako. Ukifukuzwa, usipite hata mtaa wangu."

"Bwaloni!" aliita Mama Muuguzi. "Wote."

Walikaa kwenye mabenchi kama kawaida yao ya kila asubuhi, magoti yakielekeana. Karani alifungua daftari la kumbukumbu, akaandika tarehe, akalifunga tena.

"Nitasema lililo wazi," alianza. "Sisi tunajuana. Kuna mgeni mmoja. Ana siku nne."

"Karani," alionya Mama Muuguzi.

"Nimesema tu ana siku nne, Mama. Hesabu si matusi."

"Hata mimi sitamtaja," alidakia Kinyozi, "ila yuko chumba cha mwisho, kitanda cha dirishani."

"Mnaniita?"

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, blanketi limemfunika mpaka masikioni, uso umelowa jasho. Ilikuwa arosto, yale maumivu ya mwili unaodai unga ulionyimwa. Mkononi alishika ndoo ya plastiki kama mtu aliyebeba mzigo wake mwenyewe.

"Ufunguo gani nimewaibia?" aliuliza. "Hebu tumieni akili, wakubwa zangu. Ningekuwa nao, mngenikuta hapa natapikia ndoo yenu ya kudekia? Ningekuwa mbali saa hizi. Hata sura zenu ningekuwa nimeshazisahau."

"Hana adabu," alisema Shangazi, "lakini ana hoja. Kaa, mwanangu. Weka ndoo karibu."

Dereva alikaa. Karani alitafuna kalamu.

"Ni kweli," alikiri. "Wakazi wote tupo. Hakuna aliyetoka. Mtu anachukua ufunguo wa kutokea, halafu hatoki? Anaupeleka wapi?"

"Labda anataka tusitoke sisi," alisema mwashi mkubwa.

"Ili iweje? Atupende?"

"Mimi sijui iweje," Shangazi alilalamika. "Ninachojua, tumbo langu linanguruma. Uji mtupu! Miaka miwili katika nyumba hii sijawahi kunywa uji bila mkate."

"Mzee Chumvi alisema duka la mkate limefungwa leo," Kinyozi alimtuliza.

"Limefungwa wapi?" Mwashi mdogo alishangaa. "Harufu ya mkate nimeisikia tangu alfajiri. Imeniamsha."

Fundi aliinua kichwa.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Chumvi huchukua ufunguo msumarini, hufungua lango, huenda duka la pembeni, hurudi na mikate minne, kisha huurudisha ufunguo mahali pake. Fundi huja kuutazama saa moja. Kwa hiyo, kama mzee alitoka, alikuwa nao. Na kama hakutoka, nani alimwambia kuwa duka limefungwa?

Alitazama benchi la mwisho. Mahali pa mpishi palikuwa wazi. Alikuwa amesharudi jikoni kimyakimya.

"Nakwenda kuonja mboga," alisema Fundi, akainuka.

*

Ni lazima msomaji aelezwe hapa kwa nini mpishi yule aliitwa Chumvi. Miaka aliyovuta ilimwua ulimi. Alipika vizuri kuliko wengi, lakini hakuweza kujua kama chakula kimekolea. Hivyo kila siku, kabla ya kupakua, alimpa mtu kijiko na kuuliza, "Chumvi?" Alichoambiwa ndicho alichofanya. Hakuwahi kubisha. Miezi saba sasa, ulimi wake ulikuwa ulimi wa Fundi.

Alimkuta ameinamia sufuria la maharage. Bila kugeuka, alimnyooshea kijiko.

"Chumvi?"

Fundi alionja, akakunja uso.

"Umetia mara mbili, mzee wangu."

"Mara mbili?"

"Au tatu. Umejuaje kuwa duka la mkate limefungwa?"

Mwiko ulisimama. Mzee alipunguza moto, akapangusa mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejiandaa kushika kitabu kitakatifu.

"Liko wazi," alisema.

"Najua."

"Funga mlango."

Fundi aliusukuma mlango kwa kisigino.

"Jana pale dukani nilimkuta Shemeji," mzee alianza. "Wewe hukumjua, ni muuza unga wangu wa zamani. Yeye kila mteja wake humwita shemeji, basi na sisi tukampa jina hilohilo. Bado anavaa kofia ya kijani. Amegundua kuwa watu wa nyumba hii hununua mkate pale, sasa anaegemea kaunta kama amepangishwa. Akaniamkia vizuri, kwa heshima zote. Akanishika mkono. Alipouachia, kiganjani mwangu kulikuwa na kete."

Kete ni kipande cha nailoni kisichozidi ukucha, chenye unga wa mvuto mmoja. Fundi alihisi meno yakimuuma kwa kulisikia neno lenyewe.

"Ukaifanyaje?"

"Nikaiweka kaunta. Nikachukua mikate nikaja. Niliiweka, Fundi, nakuapia. Lakini mkono haukuja nami. Umebaki kule tangu jana. Leo alfajiri nimechukua ufunguo, nimeutia kwenye kufuli, naona mkono unauzungusha, na nikajua: nikitoka sasa, nyumba hii hainioni tena. Nikauchomoa. Nikaenda chooni, nikautupa shimoni. Nikausikia ukifika."

Fundi alikaa juu ya gunia la vitunguu.

"Ulijifungia."

"Nilijifungia."

"Na sisi sote ukatufungia."

"Sikuwawaza ninyi. Niliuwaza mkono huu tu."

"Kwa nini hukuniamsha?"

Mzee alicheka kicheko kidogo, kibaya. "Nikuambie nini? Kwamba Chumvi wa miaka sita anatetemeka kama Dereva wa siku nne? Kila anayeingia humu, Mama humleta jikoni kabla hajamwonyesha kitanda. Anamwambia, mtazame huyu, alikuwa kama wewe. Wananiegemea mimi, mwanangu. Nikiyumba, wanadondoka wote."

"Na mimi nikitupwa barabarani kwa ajili yako?"

Machozi yalimshuka mzee, akayaacha.

"Nitaje," alisema. "Nenda sasa hivi, nitaje. Una haki."

Fundi alisimama. Hasira ilikuwa imempanda, lakini haikuwa ya mzee peke yake.

"Sikutaji," alisema. "Nyumba mbili nilizopita, tulitajana kila siku. Walitupekua mpaka ndani ya nywele. Unajua nilijifunza nini? Kuficha, basi. Nikawa bingwa. Sikutaji, na sidanganyi, na hapa sitoki. Wakitaka wanibebe. Ila wewe utasema kwa mdomo wako."

"Siwezi."

"Kila siku unaniuliza chumvi. Nikikwambia imekolea, unapakua. Umewahi kuniuliza mara ya pili?"

"Hapana."

"Basi na leo usiniulize mara ya pili. Hawa watu wataweza kulisikia."

"Na wasipoweza?"

"Tutajua saa sita."

Alitoka, kisha akarudisha kichwa mlangoni.

"Na hayo maharage yaongeze maji. Utatuua kwa presha kabla ya unga."

*

Saa sita kamili fundi wa kukata vyuma alipiga goti nje ya lango. Msumeno ulilia dakika kumi. Kufuli lilianguka vipande viwili, na lango likajifungua lenyewe kidogo kwa uzito wake.

Mwenyekiti aliingia, kufuli jipya mkononi.

"Ufunguo?"

"Haupo," alijibu Fundi.

"Nani aliuchukua?"

"Simtaji mtu."

"Unamjua?"

"Namjua. Simtaji."

Mnong'ono ulipita kati ya wakazi. Mama Muuguzi alimkazia macho Fundi.

"Vizuri," alisema Mwenyekiti. "Virago."

Fundi alivuta aproni yake, akakaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani, msumari mtupu ukiwa juu ya kichwa chake.

"Mwenyekiti, tazama nyuma yako," alisema.

"Kuna nini?"

"Kuna barabara. Kufuli limekatwa. Lango liko wazi tangu dakika tatu zilizopita, na hapa kuna watu wanane wanaoupenda unga kuliko mama zao. Haya, hesabu. Nani ametoka?"

Mwenyekiti aligeuka kutazama, bila kutaka. Lango lilikuwa wazi kweli. Ng'ambo ya barabara watu walipita na shughuli zao. Hakuna mkazi aliyekuwa amesogea hata hatua.

"Mimi ndiye wa karibu zaidi," Fundi aliendelea. "Hatua nne. Na nimekaa. Sasa mwambie mlinzi wako anitoe, tuone nani katika nyumba hii anayetoa watu nje."

Mwenyekiti alimwashiria mlinzi kwa kichwa. Mlinzi aliinama, akamshika Fundi mkono, akaanza kumwinua.

"Mwache!"

Mzee Chumvi alikuwa anakuja kutoka jikoni, mwiko mkononi, maharage yakidondoka njiani.

"Mwache, nimesema. Ufunguo niliuchukua mimi."

Alisema yote, bila kupamba: duka, kofia ya kijani, kete, kaunta, mkono, choo. Alipofika kwenye choo sauti ilimkatika, akaanza sentensi upya, akaimaliza.

Karani alivua miwani. Mwashi mdogo alirudi nyuma hatua moja na kusema, "Wewe? Wewe, mzee?" kama mtoto aliyemkuta baba yake akilia.

Ndipo kicheko kikasikika. Kilikuwa cha Dereva, ndani ya blanketi lake, cha kukwaruza.

"Miaka sita!" alisema. "Mmenileta jikoni siku ya kwanza, mkaniambia mtazame huyu amepona. Miaka sita, na kete moja imemkimbiza chooni! Sasa mimi nateseka hapa kwa ajili ya nini? Nipite, bwana. Nipite."

Aliuendea mwanya wa lango. Hakuna aliyemzuia, ndiyo desturi ya nyumba.

"Dereva," aliita Mzee Chumvi. "Jana niliishika hapa, kiganjani. Nikaiweka kaunta. Wewe leo ungeiweka?"

Dereva alisimama. Alikuwa amebakiza hatua moja.

"Jibu tu, kisha nenda zako."

"Nisingeiweka," alisema Dereva, sauti yake ikiwa ya chini sana.

"Hata mimi, siku yangu ya nne, nisingeiweka. Ningeila na nailoni yake."

Shangazi alipiga kofi moja la kicheko, akaziba mdomo. Dereva alitazama barabara, akamtazama mzee, akaitazama ndoo yake. Halafu alijikokota akarudi, akakaa kwenye saruji kando ya Fundi, meno yakimgongana.

"Maharage yanaungua?" aliuliza bila kumtazama mtu.

"Nimeyaepua," alijibu mzee.

Mwenyekiti aliyaona hayo yote. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo, kisha ukakaza tena.

"Sawa," alisema. "Nimesikia, na yamenigusa. Lakini ninyi hamjajisikia? Huyu ndiye bora wenu, na haamini mkono wake. Leteni mnyororo."

"Kanuni ya tano," alisema Karani, akivaa miwani yake. "Mambo ya lango huamuliwa na wakazi, bwaloni, kwa nusu saa isiyoingiliwa. Ukurasa wa pili. Sahihi yako iko chini, na muhuri."

Mwenyekiti alitazama saa yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuisoma.

"Nusu saa," alisema. "Amueni mtakavyo, na nitauheshimu uamuzi wenu mpaka kesho. Lakini jengo hili ni mali yangu, na neno langu ni hili. Kesho saa moja asubuhi nitasimama hapa. Nikiukuta msumari mtupu, kwa sababu yoyote ile, nyumba hii nitaifunga siku hiyohiyo, na kila mmoja atakwenda alikotoka."

*

Yaliyosemwa bwaloni katika nusu saa hiyo yangejaza gazeti zima. Itoshe kusema kuwa mwashi mdogo alikataa kumtazama Mzee Chumvi kwa dakika kumi, na ya kumi na moja akamsogezea benchi. Itoshe kusema pia kuwa Kinyozi alipendekeza mnyororo ukubaliwe, kwa juma moja tu, "mpaka tupumue", Shangazi akamwuliza, "Wewe kwa kupumua shingo huifunga kamba?" Kinyozi akaondoa pendekezo lake. Walipopiga kura, mikono yote iliinuliwa, pamoja na mmoja uliotoka chini ya blanketi ukitetemeka. Fundi alichaguliwa kwenda kutangaza.

Walitoka kwa mstari mpaka langoni. Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale. Fundi alipitisha mkono mfukoni, akatoa kipande cha utepe mwekundu alichokishona usiku wa juma lililopita kwa ajili ya ufunguo wa zamani na asipate kukifunga.

Akainua kichwa ili aanze.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta, mwanamume mwenye kofia ya kijani alikuwa ameegemea, miguu ameipishanisha, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kinyozi. Aliinua mkono, akapunga mara moja.

Fundi alimtazama upesi Mzee Chumvi. Mzee alikuwa ameinamisha macho, akikwangua maharage yaliyokauka kwenye mwiko. Hakuwa ameona kitu.

Salamu ile haikuwa yake.

Fundi aligeuka. Nyuma yake, blanketi begani, Dereva alikuwa akiushusha mkono wake wa kulia haraka. Macho yao yalikutana.

Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Mwenyekiti alikuwa amempa Shemeji mgongo. Wengine walimtazama Fundi, wakisubiri. Uamuzi waliokuwa wameufanya kule ndani ulikuwa na vipande vinne, na cha nne kilimhusu Dereva. Neno moja lake lingetosha kukibadilisha. Angeweza kusema, turudi bwaloni. Angeweza kusema, mgeukieni huyu mumwulize anajuana vipi na yule. Angeweza hata kumtia mkono mfukoni, mara moja tu, kwa faida ya wote.

Alikumbuka nyumba mbili alizopita, na mikono iliyopita katika nywele zake.

"Mshona nguo," alisema Mwenyekiti, "tunasubiri."

Fundi alimnyang'anya kufuli jipya mkononi kabla hajakataa. Funguo zilikuwa mbili, zimefungwa pamoja kwa waya. Alizitenganisha kwa meno. Mmoja aliufunga utepe mwekundu, mafundo mawili. Wa pili alimrudishia Mwenyekiti. Kisha akapaza sauti, si kwa waliokuwa mbele yake tu, bali kwa kadiri ya kufika ng'ambo ya barabara.

"Uamuzi wa nyumba ni huu! Kufuli tumelipokea, mnyororo na mlinzi virudi vilikotoka. Ufunguo utakaa msumarini, msumari uleule, na ni mmoja tu. Huo wa pili, Mwenyekiti, utupe mwenyewe, Mzee Chumvi atakuonyesha mahali. Mzee anabaki jikoni, na kesho saa kumi na mbili atakwenda kununua mkate duka lilelile, kaunta ileile, nami nitakuwa ubavuni pake."

Akaushika mkono wa kulia wa Dereva, uleule ulioinuliwa, akauweka ufunguo kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Na kuanzia sasa hivi mpaka juma liishe, mshika msumari ni huyu hapa. Dereva."